Shairi la Ayalandi lilivyoninyima nafasi ya kusoma Kigoma

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika ni ya kweli tupu, mwenye kutaka chai aende uzi mwingine. Mnivumilie, mimi ni mzee wa zaidi ya themanini na nachapa kwa kidole kimoja.

Miaka ya hamsini nilisoma misheni moja ya Kiprotestanti pale Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji ndio waliotawala, ila wamisionari wetu walikuwa Waingereza, kwa hiyo Kiingereza tulilishwa kama uji.

Mwalimu wetu tulimwita Mama Misi. Yeye kwao Ayalandi. Alipenda mashairi mapya ya kwao na ya Uingereza kuliko chakula.

Na si mashairi yenye mwendo kama nyimbo za kanisa. Mtu anaangalia uzio, anaangalia mvua, shairi limeisha. Ukiuliza maana, unaambiwa usome tena. Kichwa kiliniuma mwaka mzima.

Sasa, kulikuwa na nafasi moja tu ya kwenda kusomea ualimu Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Mkaguzi angekuja, kila mmoja aghani shairi kwa kichwa, atakayemridhisha anavuka. Baba yangu, mvuvi, alishawatangazia ndugu zake wote wa kijiji cha Swima kwamba naenda.

Nikapangiwa shairi la Ayalandi, la mtu anayemlilia baba yake. Machozi mengi, jina la marehemu hakuna.

Nikawa najifunza nyumbani kwa sauti. Mama hakujua Kiingereza, lakini sauti ya msiba aliijua. Akaacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"We unalilia nani?"

Nikamwambia hakuna, ni masomo.

"Mutoto wangu, kilio iko na mwenyewe. Kama unalia bila jina, itajitafutia muntu mu hii nyumba. Na baba yako iko ku maji."

Kwetu, wakuu, kuomboleza bila kumtaja marehemu na baba zake ni kukiita kifo. Si jambo la kubishana na mama. Akaamua niweke jina la babu, maana yeye alishakufa na hana cha kupoteza.

Nikamweleza Mama Misi. Akasema mshairi ameliacha jina makusudi, ili kilio kiwe cha kila mtu. Nikamjibu kwamba hicho cha kila mtu ndicho tunachokiogopa. Akacheka tu.

Siku ya mkaguzi nilighani vizuri, sijisifu. Nilipofika katikati nikamtaja babu, na baba yake, na babu yake. Wenzangu wakasimama wote kama desturi inavyotaka. Akina mama waliokuwa wakifagia uwanja wakaitikia kilio. Mkaguzi akadhani kuna msiba, akavua kofia.

Alipoambiwa hakuna msiba, ni majina niliyoyatia mwenyewe kwenye shairi la kitabuni, akafura. Akasema nimeharibu kazi ya mtu. Nafasi akapewa mwenzangu aliyeghani kama anayeagiza sabuni dukani.

Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Baadaye Mama Misi akafiwa na baba yake huko kwao. Akajifungia ndani. Tulijua amefiwa, lakini marehemu anaitwa nani hatukujua, basi hakuna aliyethubutu kwenda kulia.

Mwishowe akaniita barazani kwake, macho mekundu. Akanitajia jina la baba yake, na la babu yake. Kisha akasema kwa Kiswahili chetu kabisa:

"Sema ile shairi. Utie majina."

Nikaghani. Mama yangu na wenzake wakaja, wakaitikia, wakaketi naye chini jioni yote. Alilia sana. Aliponishika mkono akaniambia sasa ameelewa.

Ameelewa. Mwenzangu yuko Kigoma anasomea ualimu, mimi kesho yake nikashuka majini na baba kuvuta nyavu, na huko ndiko nilikozeekea.

Nilichojifunza: kabla hujamfundisha mtu kilio cha kwenu, muulize kwanza kwao wanaliaje.

Nyie mliosomeshwa mashairi ya wazungu, mlipona vipi? Semeni. Ila atakayeniambia ningeliacha tu hilo jina, tutakosana.