Frigo Ndani ya Kamioneti

Kitabu changu cha kwanza nilikiandika kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Siku tulipoamriwa kuhama Goma, mlima ulikuwa umekwisha kumwaga moto wake na ardhi ilikuwa bado inatetemeka. Miguu ya mama yangu ilikuwa imevimba. Hakuweza kufika hata kwenye barabara ya lami bila kushikwa. Jirani yetu pale mtaani Katoyi alikuwa na kamioneti, gari dogo la mizigo. Nilimkuta akikaza kamba, nikamwomba ambebe mama tu, mimi nitatembea.

"Mama, nafasi hakuna," alinijibu bila kugeuka. "Ungekuja mapema."

Nyuma ya gari kulikuwa na frigo, friji nyeupe, imelazwa chali juu ya godoro isije ikakwaruzwa. Mama aliitazama kidogo, akaniambia, "Twende." Tukatembea kuelekea mji wa Sake katikati ya umati wa waliokuwa wakihama, yeye ameegemea bega langu, tukikaa chini kila alipochoka. Alifika. Lakini baada ya hapo hakusimama tena kwa miguu yake, na kabla mwaka haujaisha tulimzika.

Huenda ningenyamaza. Lakini parokiani, siku ya kukumbuka yale yaliyotupata, jirani huyo alisimama mbele ya waumini, shati limepigwa pasi, akasimulia jinsi alivyowaokoa wazee wa kartie, mtaa wetu, kwa gari lake. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani, sikubadili hata nguo, nikaanza kuandika.

Mwanzoni nilijaza matusi. Nilipomaliza nilimpelekea mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekubali kunisahihishia. Alinirudishia karatasi zikiwa zimejaa wino.

"Hapa umemwita nyoka, hapa fisi," alisema. "Unamsaidia. Mutu akisoma hii, ataona ni wewe njo uko na shida. Futa yote. Acha frigo."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Kisha nikafuta. Nikabakiza kamba, godoro, frigo, na jibu lake. Sura hiyo ya jirani ikawa fupi. Sasa ilikuwa inakata.

Sikuwa na mchapishaji, na sikumtafuta. Nilikipeleka kitabu mwenyewe kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini. Kilikuwa bado hakijatoka waasi walipoingia. Umeme ulikatika, mwenye mashine akafunga mlango akavuka mpaka. Sisi tuliobaki tulilala sakafuni tukisikiliza risasi. Niliogopa kama kila mtu, lakini ombi langu lilikuwa la pekee: kwamba yule jirani asife kabla hajanisoma.

Hakufa. Mwenye mashine alirudi, mashine ikawaka tena, vitabu vikatoka, nami nikaanza kuviuza. Wengine hutafuta wasomaji popote. Mimi nilichagua mahali alipojulikana. Nilipanga vitabu kwenye kitambaa pale soko la Kituku, karibu na akina mama wa samaki ambao mke wake alinunua kwao. Nilisimama nje ya parokia misa ilipotoka. Mwisho nilisoma ile sura kwa sauti yangu, nikairekodi, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kartie, ambamo yeye mwenyewe alikuwemo. Jina lake halikuwa mahali popote. Halikuhitajika.

Haikuchukua muda wakaanza kumwita Papa Frigo. Wenye pikipiki walimwuliza kwa heshima zote, "Papa Frigo, tukupeleke?" Kanisani akahamia viti vya nyuma.

Ndipo akaja kwangu. Nilimkaribisha sebuleni, nikamwekea chai.

"Mama, ulinichafua," alisema.

"Jina yako iko ku ukurasa gani, papa?"

Alizungusha kikombe.

"Toa ile sura," alisema. "Ukichapisha tena, mimi njo nitalipa."

"Kuko uongo niliandika?"

Alisukuma kikombe pembeni. "Ile frigo ilikuwa mupya," alisema. "Na ile barabara unaijua. Kama ingeibiwa, nani angenirudishia?"

Nilimwacha aseme yote. Sikumkatiza, sikupandisha sauti. Alipoondoka nilikaa palepale, nikaandika maneno yake kabla hayajanipotea.

Vitabu vya kwanza vilipokwisha, nilirudi kwa mwenye mashine. Sura ile ilikuwa imeongezeka mistari michache: swali langu, na jibu lake kama alivyolitoa. Mwalimu aliisoma, akaongeza mkato mmoja tu, akasema iende hivyo hivyo.

Watu huniuliza kama moyo wangu umetulia. Mama hayupo, hilo kitabu hakikulibadilisha. Lakini jirani yangu akipita mbele ya nyumba yangu sasa hugeuzia uso upande wa pili wa barabara, na siku nikimwona hivyo, chakula changu hushuka vizuri.