Chuma Kilichochukua Nafasi ya Mkono Wangu

Harufu ya grisi iliyochanganyika na majani mabichi ya chai yaliyoanza kunyauka ndani ya magunia: hiyo ndiyo likizo yangu ya mwisho nyumbani kabla ya kwenda kidato cha kwanza. Baba alikuwa na pikapu iliyomzidi mama umri, na mkono wake wa gia ulikuwa ubavuni mwa usukani. Kutoka hapo vyuma viwili virefu viliteremka hadi kwenye giaboksi, na barabara yetu ya mashimo huko nyuma ya Silibwet ilivilegeza kila mara. Gia zikikwama, baba alijitupa chini ya gari na spana, nami nikakaa mbele nikishikilia mkono wa gia usitoke nyutro, pale ambapo hakuna gia iliyoingia, hata kidogo, mpaka akaze nati zote. "Chebet, umelala?" aliuliza kutoka chini. "Sijalala, baba." "Basi usipumue sana." Niliumia hadi begani, lakini hakuna aliyeijua nyutro ya gari lile kama mimi, na nilijidai kwelikweli.

Sasa nilikuwa nimeitwa shule ya bweni upande wa Chepseon. Nani angeshika? Mama alikuwa shambani tangu alfajiri akichuma, na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Jirani yetu Otieno, mtu wa kutoka ziwani aliyefanya kazi kiwandani, alijitolea. Alishika kwa nguvu zake zote, ila pembeni kidogo ya nyutro, baba akakaza, kisha baba alipoweka gia ya kwanza gari likarudi kinyumenyume hadi katikati ya chai ya mama. "Mzee, mimi ni mtu wa boila!" Otieno alijitetea huku akicheka. Mama hakucheka. Majani yetu na ya majirani yalitegemea pikapu ile iyafikishe kituo cha kununulia kabla lori la kiwanda halijaondoka; likiondoka, yanaoza. Ndipo baba akatamka maneno yaliyonikosesha usingizi: "Labda Chebet asubiri mwaka ujao." Mama akaweka kikapu chini. "Mtoto wangu hatakosa shule kwa sababu ya gia, Baba Chebet. Tafuta dawa."

Akatafuta. Loo, alitafuta! Majirani walimwambia kidole kimoja hakivunji chawa, yeye akaapa kwamba chake kitavunja. Alifunga mkono wa gia kwa mpira wa tyubu, ukavutika. Akafunga kwa waya, ukateleza. Akachonga kabari ya mkaratusi, ikapasuka. Kila jaribio liliposhindwa nilitoka nje, nikaizunguka nyumba, nikaingia, nikatoka tena. Sanduku langu la bati nililipanga na kulipangua mpaka mama akanificha ufunguo. "Tulia, mvumilivu hula mbivu," aliniambia. Mbivu gani, nami nilikuwa naziona zinaoza mtini?

Asubuhi moja mama alikuwa akielekea shambani na ufito wake mrefu, ule ambao wachumaji huulaza juu ya michai ili waone usawa: kilichochomoza juu ya ufito kinachumwa, kilicho chini kinaachwa. Akasimama akamtazama baba akipigana na waya. "Kwani lazima mshikie huko juu?" aliuliza. "Sisi majani tunayapimia palepale yalipo." Akainama, akausukuma ufito chini ya gari, akaulaza juu ya vikono viwili vidogo vya giaboksi, vile vinavyovutwa na vyuma. Kimoja kilikuwa juu kuliko kingine. Baba akautupa waya. Siku zote tulikuwa tunahangaika kuuiga mkono wangu, kumbe nyutro ilikuwa kule chini: vikono vikilala sawa, ndiyo hiyo. Kufikia jioni fundi wa kuchomelea pale Silibwet alikuwa amemkatia kipande cha chuma bapa chenye matundu mawili na pini zake. Ukichomeka pini, vikono havitikisiki. Unakaza nati, unachomoa, unaondoka. Baba alifanya kazi yote peke yake, mimi nimesimama pembeni mikono mitupu, na gia zikaingia bila kelele. Mama akapiga vigelegele. Niliruka kwa furaha, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana gari lilikuwa halinihitaji tena.

Leo naishi Nairobi, gari langu hubadilisha gia lenyewe, nami siwezi kukaa kitako hata Jumapili. Nyumba ikitulia, natafuta kitu kilicholegea. Baba angali anayo pikapu, na wenye magari ya zamani humjia hata kutoka Longisa awatengenezee kile chuma. Juzi nilimwuliza jambo lililonikera miaka yote hii: kwa nini hakumfundisha tu Otieno kushika? Hata yeye angejua mwishowe. Baba akafuta mikono polepole.

"Ningemfundisha, ungejua amekushikia nafasi tu. Ungekuwa unarudirudi. Nilitaka ukija nyumbani usikute kazi inayokungoja, urudi kwa vitabu vyako."

"Basi ulifaulu kupita kiasi, baba," nikamwambia.

"Hivyo ndivyo mama yako huniambia," alisema, "kila Krismasi usiyokuja."