Makofi ya Hesabu za Kichwa

"Bhoke, unalilia nini, na wewe ndiye wa kwanza?"

Mwalimu wa hesabu aliniuliza hivyo mbele ya darasa zima, na lilikuwa swali lake la kwanza kunishinda. Nilikuwa na miaka minane.

Tuliosoma Tarime miaka ile ya vijiji vya ujamaa tunakumbuka siku ilivyoanza. Mchakamchaka alfajiri, umande hadi magotini, tukiimba kwamba tutaijenga nchi, na tumboni nusu kikombe cha uji wa ulezi. Kila mmoja alibeba kitu: kuni za mwalimu, kibuyu cha maji, au karai la samadi kwa ajili ya shamba la shule. Nyumba zetu zilikuwa zimehamishwa na kupangwa mstari kando ya barabara, na wazee walilalamika kwamba sasa kila jirani anajua umepika nini. Sisi watoto tulifurahi. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliishi Rhobi na kaka yake Chacha.

Rhobi alinizidi miaka mitatu. Ndiye aliyenifundisha kujitwika maji bila kushika kwa mkono, kushona mpira wa matambara wa kuchezea rede, na kuhesabu. Kuhesabu alinifundisha kwa kokoto tukichunga ndama, kabla sijaanza shule. Ndama wenyewe hatukuwahesabu. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti, na mpaka leo sijapewa sababu iliyoniridhisha.

Nilipofika darasa la pili walimu wakaona nina kichwa chepesi, wakanirusha hadi la nne. Mimi mwenyewe sikuulizwa. Baba alisema, "Kichwa hicho si chako peke yako, ni cha taifa." Nikawaza kama taifa nalo lingekuja kunisaidia kubeba samadi. Faida niliyoiona ilikuwa moja tu: nilikalishwa dawati moja na Rhobi.

Sasa hesabu za kichwa. Wa rika langu mnazijua. Mnasimama wote, mwalimu anauliza, na atakayejibu kwanza anapita kuwazaba kofi wengine wote. Shamba lilikuwa la wote, ghala la wote, hata jembe la wote. Makofi tu ndiyo yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa mimi.

Darasa la nne lilikuwa na vijana waliokwisha kuota ndevu. Chacha alikuwa ametoka jando Desemba iliyopita, mwanamume kamili kwa kila kitu isipokuwa kaptula. Kwetu mtu wa namna hiyo dada zake hawamnyanyulii hata sauti. Mimi sikuwa dada yake, na amri ilikuwa ya mwalimu. Basi Chacha aliinama kidogo ili nimfikie, akafumba macho kwa adabu, nikazaba, tukaendelea na swali linalofuata. Ukizaba polepole, mwalimu alikuonyesha kwenye shavu lako inavyotakiwa.

Rhobi naye nilimzaba, karibu kila siku. Hakuwahi kujibu swali hata moja.

Baada ya wiki chache wasichana wakaacha kuniita kwenye rede. Kisha Rhobi akaanza kwenda mtoni bila kunipitia. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, debe kichwani, mikono imening'inia. Hakuna aliyenitukana wala kunisukuma. Walipita tu pale nilipo kama vile pana nafasi. Matokeo ya muhula yakasomwa, nikawa wa kwanza, nikalia, na hapo ndipo mwalimu aliponiuliza lile swali. Nyumbani mama alinigusa shingoni kutafuta homa. Hakuipata. Akasema mtoto anayelia bila kuumwa ana njaa, akanipa maziwa mgando.

Nikanywa, nikaamua kuwa mjinga.

Kesho yake mwalimu akauliza: kaya kumi na nne zimepeleka mahindi kwenye ghala la kijiji, kila kaya madebe sita, panya wamekula madebe saba, yamebaki mangapi? Nilijua. Nikatazama dari, ingawa darasa letu halikuwa na dari. Mwalimu akarudia swali akinitazama mimi peke yangu. Rhobi, pembeni yangu, alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Mwalimu akatuchapa darasa zima, fimbo nne kila mmoja, kisha akatuambia jibu tukalitafute nyumbani.

Nilitegemea kwamba siku ile nitapendwa. Chacha alinisubiri njiani na wenzake, anatembea kama mtu aliyekalia siafu.

"Wewe mtoto, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua.

"Basi kesho ujibu. Kiganja chako hakiui hata inzi. Fimbo ya yule mzee inauma."

Mwenzake mmoja akaongeza kwamba inzi mwenyewe angeshukuru kwa upepo, wakacheka, nami nikacheka. Jioni ile niliitwa kwenye rede. Tangu hapo nilizaba kwa idhini ya wazabwaji, na Rhobi akarudi kunipitia twende mtoni. Ila darasani aliendelea kukosa, nikamhurumia, nikachukua jukumu la kumfundisha jedwali la saba njiani. Alinisikiliza kwa subira kubwa.

Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akaolewa Kisaka. Mimi nilichaguliwa, nikaendelea hadi chuo kikuu, na huko nikajifunza kuwachosha watu kwa maswali.

Siku hizi mpwa wangu akiwa wa kwanza ananunuliwa soda na kupigwa picha. Hesabu za kichwa anafanya kwa kikokotoo. Kuna mwalimu wa kumuuliza anajisikiaje, naye hujibu anajisikia vizuri, kisha anaomba soda ya pili. Sisi hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje, na kama tungeulizwa tungedhani ni hesabu ya kichwa. Siombi zile siku zirudi. Lakini mpwa wangu huyo sijamwona akipitiwa na mtu kwenda popote, na mimi ile njia ya mtoni ningeitembea hata leo, debe kichwani, Rhobi mbele.

Mwaka jana nilikwenda Kisaka kumsalimia. Tulikaa uani tukipukuchua mahindi. Nikamkumbusha, kwa kucheka, siku darasa zima lilipochapwa kwa sababu mimi niliyejua jibu nilinyamaza. Rhobi hakuinua macho kutoka kwenye gunzi lake.

"Sabini na saba," akasema. "Lakini kama ningejibu, kaka yangu ningempigaje?"