Mashimo Tisa ya Uwesu

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Uwesu anaingia kiwanja cha gofu cha Wazungu akiwa peku, viatu mkononi.

"Nikivaa viatu, miguu haisikii," anasema.

Ametoka nyumbani kwake Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, akavuka Mnazi Mmoja kwa miguu kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ni kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo na kuufuata mpira popote uangukapo. Mzunguko wa mashimo tisa, shilingi moja.

Leo moyo wake hautulii. Jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka juzi, na la kushoto limeanza kufuata. Karani wa wabeba mifuko, Tarsis, ametangaza mtihani wa leo: atakayepoteza mpira asirudi Jumatatu.

Wiki nzima Uwesu amekuwa akijipima uani. Mkewe, Kijakazi, alipanga vifuu tisa mchangani, kila kimoja shimo lake, kisha akawa anamuuliza huku akikuna nazi.

"La nne?"

"Hatua mia mbili na sitini. Kushoto mivinje. Kunguru wa pale huiba mipira wakidhani ni mayai."

"La saba?"

"Mfereji, halafu mwinuko. Duara la mchanga penye shimo limemwagiwa mafuta mengi ya kushika vumbi, mpira unakwenda polepole."

"Makubwa! Ndoo yangu hapo mlangoni unaipiga teke kila siku, lakini mfereji wa Wazungu unaujua!"

Sasa wako shimo la tano, Tarsis akiwafuata nyuma kuwapima. Mchezaji, bwana mmoja wa benki, anapiga. Wabeba mifuko watatu wanakimbilia kulia. Wameuona mpira ukishukia huko. Uwesu hatikisiki. Amesikia "ko!", mlio mkavu, si wa nyasi.

Chini ya nyasi hizo kuna mawe ya njia ya zamani iliyofukiwa kabla ya Vita vya Pili. Aliyeyafukia ni Anaeli, rafiki yake, aliyefariki mwaka jana. Ndiye aliyemwonyesha kwamba mpira ukigonga pale hurudi kushoto. "Nikipita hapo humsalimia," anasema Uwesu.

Anahesabu hatua kuelekea kushoto. Thelathini na moja. Anainama, anapapasa.

"Huu hapa, bwana."

Shomari, mmoja wa wale watatu, anarudi akihema. "Shikamoo, mzee! Una macho ya kunguru!"

"Marahaba. Sina hata ya kuku."

Wengine wanacheka. Uwesu hacheki. Anamgeukia Tarsis. "Karani, nisikufiche. Mpira sikuuona."

Tarsis anautazama mpira, anaitazama miguu ile isiyo na viatu.

"Hawa wameuona, wakaupoteza," anasema hatimaye. "Jumatatu njoo mapema. Uwatembeze kiwanja chote, shimo hadi shimo, kabla wachezaji hawajafika."

Mchana, Uwesu anarudi Kariakoo kifua mbele. Uani, vifuu bado vimejipanga. Anamwambia mkewe kwamba katika miaka yote hiyo hajapiga hata mpira mmoja katika kiwanja kile. Wabeba mifuko hawaruhusiwi.

"Siku itafika," anasema. "Nitacheza mimi, la kwanza hadi la tisa. Peku. Hata kama nitakuwa sioni kitu."

"Na mfuko atakubebea nani?" anauliza Kijakazi.

"Bwana wa benki."