Kulukulu wa Baba Mkwe

Mdomo wangu umekulia kwenye biashara ya mpakani, Tunduma, ambako muuzaji akinyamaza hauzi. Kisha nikaolewa kwa Wandali, milimani Ileje, ambako mke wa mtu hasemi na baba mkwe wake wala hamtazami usoni. Vijana wengi wameachana na mila hiyo. Mimi nimeishika kwa sababu mzee mwenyewe anaishika, na mzee huyo ninampenda.

Yeye ndiye aliyeniambukiza mambo ya ndege. Humsimulia mwanawe kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, ili nami nisikie nikiwa jikoni: jinsi jike la hondohondo linavyojifungia ndani ya shina likiatamia, jinsi chozi, kale kandege kanakofyonza maua, anavyoning'inia kwenye ua. Mume wangu husinzia. Mimi huacha ugali uungue.

Julai hii daktari alisema kifua cha mzee hakiwezi tena baridi ya huku. Ahamie Kamsamba kwa binti yake, kwenye joto. Alikubali, akaomba jambo moja tu: amwone kulukulu, ndege wa msitu wetu, akiruka kabla hajaondoka. Kamsamba kuna mpunga na ng'ombe. Msitu kama wetu hakuna.

Tulipanda mlima asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mianzi. Mzee alitangulia na fimbo yake, mume wangu akakaa katikati, mimi nyuma na darubini ya mtumba. Njia iliteleza na baridi ilitung'ata masikio. Kikohozi cha mzee kilipozidi, mume wangu alirudi kwenye pikipiki tuliyoiacha chini kumchukulia koti zito.

Ndipo kulukulu akalia, karibu kabisa. Mzee aliinua kichwa, akatafuta. Shida ya kulukulu ni kwamba akitulia ni kijani tupu, na msitu wote ni kijani. Wekundu wake ameuficha ndani ya mbawa. Mimi nilikuwa nimeshamwona, na kishungi chake kimesimama. Mzee alikuwa anatazama upande mwingine. Ndege angeruka wakati wowote, na mume wangu hata hatua zake hazikusikika.

Nikaugeukia mti uliokuwa kando yangu.

"Wewe mti," nikasema, "mbona mwenzako yule aliyeinama, kushoto, amembeba kulukulu kwenye tawi la chini?"

Nilihisi uso wote umewaka moto.

Kisha mzee akaiambia fimbo yake, "Umesikia? Mti huu una adabu." Akageuka kushoto.

Kulukulu alikimbia juu ya tawi, akajirusha, na mbawa zikafunguka nyekundu juu ya vichwa vyetu. Sijaona kitu kizuri kama kile. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, na sikujificha.

Mume wangu alirudi na koti, akatukuta kila mmoja anatazama upande wake.

"Ameonekana?"

"Ameonekana," baba yake akamjibu.

Jana mzee alipiga simu kutoka Kamsamba. Kifua kimetulia. Mume wangu alipomaliza kuongea naye alinitazama kwa wasiwasi.

"Baba anaanza kuchanganyikiwa," akasema. "Ameniambia nikuulize kama ule mti haujambo."

"Mpigie tena," nikamwambia. "Mwambie haujambo, ila umekosa wa kuzungumza naye."