Dawa ya Kifua

Naishi Masuguru, msikitini nasimama safu ya kwanza, na wiski nakunywa. Ijumaa nililoweka kahawa ya unga kwenye maji baridi mchana kutwa, nikaichuja kwa kitambaa, nikatia wiski na sukari, nikaiweka kwenye friji. Mke wangu alipouliza ni nini, nikamwambia dawa ya kifua. Nikakohoa kidogo, ili aamini.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Magoma, anakohoa kweli. Nilipotoka kuoga nikakuta mke wangu ameshammiminia kikombe.

“Kunywa, mama. Mwenzangu imemsaidia sana.”

Mama akainusa, akaiweka chini, akanitazama.

“Mkwe, pole. Marehemu mzee wangu naye alikuwa na kifua hiki hiki. Kilikuwa kinambana kila siku ya gulio.”