Papa wa Wenzetu

Shemeji yangu alikuja kwetu Kiswere kutoka Dar es Salaam na simu iliyojaa maajabu ya vyakula vya dunia. Tukiwa mkekani tunakula ugali, akatusomea: "Aisilandi wanamfukia papa mpaka avunde, kisha wanamwanika miezi, ndiyo wamle. Washenzi!"

Akakunja uso, akachovya tonge lingine kwenye mchuzi.

Dada yangu, mkewe, akamtazama. "Mume wangu, unakula nini hapo?"

"Samaki wa nazi."

"Ni papa mkavu. Alianikwa uani kwa mama mpaka majirani wakafunga madirisha."

Dunia nzima anayo kiganjani, kilichomo kinywani hakijui! Nilidhani ataona haya. Wapi! Akalamba vidole, akasema papa wetu ananukia, wa wenzetu ananuka.

Nilisogeza bakuli la mchuzi upande wangu.